Ndege ya Marafiki

Ukunda, pwani ya Kenya, ndege si ajabu. Anayeshuka matatu ya Likoni pale Kona ya Musa hajisumbui kuzitazama. Ni za watalii. Helikopta ndiyo huinua vichwa: mkubwa gani huyo, na nani kamlipia?

Swali hilo la pili ni la zamani katika Uislamu. Mtume alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akaigawa mali aliyoleta mafungu mawili: hili lenu, hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa wazazi wake, aone kama zawadi zitamfuata huko.

Mei 2024 Rais William Ruto alikwenda Marekani kwa ndege ya kukodi ya RoyalJet, kampuni ya Abu Dhabi, ilhali serikali ilikuwa na ndege yake, Fokker 70, iliyonunuliwa mwaka 1995 enzi za Rais Moi. Wakenya wakapiga kelele. Akawajibu kwenye maombi ya kitaifa ya asubuhi (pahali penyewe hapo) kwamba marafiki walimpa ndege kwa shilingi milioni 10 tu. Mabishano yakaishia kwenye bei, na hapo ndipo yalipopotea njia. Kwa mizani ya kisa cha Ibn al-Lutbiyya, nauli ikipungua zawadi huongezeka, na zawadi yenyewe imekifuata cheo. Katiba ya 2010, kifungu cha 76, inakubaliana na mimbari: anachopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri.

Hakuna anayewataka viongozi wapande vyombo vichakavu. Mwezi mmoja kabla ya safari ile, tarehe 18 Aprili, helikopta ya jeshi aina ya Huey ilianguka Elgeyo Marakwet ikamuua mkuu wa majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake. Roho nazo ni amana.

Huko Tanzania, zama za Rais Mkapa, waziri wa fedha Basil Mramba anakumbukwa kwa kusema wananchi hata wakila majani, ndege ya rais itanunuliwa. Kauli ya kuudhi, lakini ndege ile ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na bunge lilijua pa kuuliza.

Kwa hiyo viongozi wakikodi ndege, wakodi. Kukodi si haramu. Ila mkataba uwekwe mezani: kampuni, bei kamili, na jina la aliyepunguza.