Anwani Niliyompa Dada

Nina kikoa changu mwenyewe, nakilipia kila mwaka. Barua pepe yoyote inayotumwa huko, hata jina lililo kabla ya alama ya @ liwe lipi, inaingia kwenye sanduku langu. Kwa hiyo kila ninapojisajili natunga lakabu: benki ina yake, duka la viatu lina yake. Wapo wanaoongeza alama ya kujumlisha kwenye anwani ya Gmail, lakini hiyo hufutika kirahisi na jina halisi likabaki wazi. (Yangu nayo si kinga kamili, lakabu zote zina mkia mmoja.) Tangazo la kamari likija kwa jina la viatu, najua limepitia wapi. Nilijiona mjanja kweli.

Mwaka jana likaja kwa jina la "vitabu". Jina hilo nilikuwa nimempa dada mmoja wa mtaani kwetu, muuza vitabu vilivyotumika, anayetuandalia jioni za kusoma. Nikamwendea na simu mkononi kama askari.

"Dada, umeuza anwani yangu."

Akakana. Nikamweleza mtego wangu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ile nakuandika daftarini, ulikuwa tayari unangoja nikuibie?"

Nilimjibu kwamba nawafanyia wote, hata benki. Kufuli la mlangoni halimtukani jirani, si ndiyo? Lakini kufuli huzuia. Lakabu haizuii chochote. Inakaa kimya ikingoja kosa, kama noti uliyoitia alama ukaiacha mezani umpime dada wa kazi. Tofauti, najitetea, ni kwamba noti hutamanisha na lakabu haimtamanishi mtu.

Halafu ilithibitisha nini? Ilionyesha maji yamevujia wapi, si mkono uliotoboa ndoo. Orodha yake alikuwa ameihamishia kwenye programu ya kutuma barua ya kampuni nyingine. Huenda iliibwa huko, huenda kwenye kompyuta yake. Ni kweli Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Kutolinda ni kosa. Mimi nilimshtaki kwa kuuza.

Nilimwomba radhi kwa neno hilo. Kwa lakabu sikumwomba, na sijui kama ningepaswa.

Jina la "vitabu" nimelizima. Mialiko yake sasa inakuja kwa SMS, kwenye namba ileile anayoijua kila mtu.