Samaki wa Kokoro na Sikukuu ya Mavuno



Katika Sikukuu ya Mavuno watu wa ufukoni, tangu Ukerewe hata Sengerema, huleta madhabahuni mihogo, mpunga, kuku, na samaki wa ziwa. Ni desturi njema. Lakini liko swali linaloulizwa kando, wala si mbele ya watu: je, yafaa kumshukuru Mungu kwa samaki waliovuliwa kwa kokoro?

Kokoro twalijua sote. Ni wavu mrefu ukokotwao toka majini hata nchi kavu, nao huzoa wote, wakubwa kwa wadogo. Sheria ya nchi imelikataza. Hukokotwa penye kina kifupi, ndipo sato afanyapo kiota chake. Sato jike huyaweka mayai kinywani, na watoto wakiisha kuanguliwa huwalinda humo humo. Basi amzoaye huyo azoa na kizazi cha kesho. Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 22: mtu aruhusiwa kutwaa makinda, ila mama yao amwache aende zake. Torati haikukataza kula, ilikataza kumaliza.

Wako wasemao, "Ziwa ni la Mungu, haliwezi kwisha." Maneno hayo yana sura ya imani, lakini si imani. Furu, waliokuwa chakula cha wazee wetu, walikuwa mamia ya aina. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu walimtia sangara ziwani ili wapate faida. Faida ilikuja kweli, hata viwanda vikajengwa Mwanza. Lakini katika miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilitoweka. Mkono uliofanya hayo ulikuwa wa mwanadamu.

Wengine husema kwa uchungu, "Watoto wangu wale nini?" Neno hili lisidharauliwe, nami siyapendi mahubiri yamkemeayo maskini huku mhubiri ameshiba. Maana mwenye kuvuta kamba mara nyingi siye mwenye kokoro. Mwenye kokoro huenda yuko mjini, huketi benchi la mbele, na mabati ya kanisa yalitoka mkononi mwake. Ndiye wa kuulizwa kwanza, naye ndiye tumwogopaye. Nabii Malaki, katika sura ya kwanza, awashitaki makuhani wenyewe, kwa kuwa walipokea wanyama vipofu na vilema.

Kwa hiyo nasema, wazee wa kanisa wamwendee mtu huyo faraghani kabla ya sikukuu. Samaki wake wa kokoro wasipokelewe. Yeye mwenyewe asifukuzwe. Na wale vijana wa kamba, usharika uliopokea sadaka hiyo miaka mingi unadaiwa nao: wasaidiwe toka sanduku la usharika wapate nyavu halali, hata ikiwa mnara wa kengele utangoja mwaka mwingine.