Mgeni Katika Lugha ya Wenyewe

Mtu mzima mwenye mke na watoto, mwenye kazi yake na heshima yake, akionekana kila asubuhi na daftari mkononi, anajifunza kusema "maji" na "mkate" kwa Kigiriki cha leo, watu humcheka. Humwuliza: "Kitakufaa nini?" Swali hilo si la kipumbavu. Wagiriki katika nchi yao ni watu kama milioni 10 tu, na vijana wao wengi wanajua Kiingereza. Msafiri aweza kufika Athens, akala, akalala, akarudi kwao, bila kutamka neno lao hata moja. Basi kwa nini ajisumbue? Je, ni bidii njema, ama ni majivuno ya mtu apendaye kuitwa msomi?

Mimi naona jibu halipatikani kwa kuhesabu faida. Yafaa kwanza tuulize anaingiaje katika lugha ile: kama mwenye mali, au kama mgeni?

Sisi tuliopita seminarini tulionjeshwa Kigiriki cha Agano Jipya. Mtu wa namna hiyo akishuka bandarini Piraeus hudhani amefika nyumbani, kumbe haelewi kitu. Herufi aliyofundishwa kuiita "beta", wenyewe huiita "vita". Sauti moja ya "i" wanaiandika kwa namna zisizopungua tano. Anaona lori kubwa limeandikwa "metafores", naye darasani aliambiwa ya kuwa metafora ni tamathali ya usemi. Kumbe lori lile kazi yake ni kuhamisha vitanda na makabati ya watu. Akiuliza neno akajibiwa "ne", yeye aliyezoea Kifaransa anadhani amekataliwa, na maana yake ni "ndiyo".

Hapo kishawishi kinakuja. Msomi wetu aanza kusema moyoni: "Watu hawa wameharibu lugha ya mababu zao. Mimi ndimi ninayeijua ile safi." Lakini lugha ni ya nani? Ni ya vitabu, au ni ya mama anayemwita mtoto wake aje kula?

Wagiriki wenyewe waligombana juu ya jambo hili hata damu ikamwagika. Mwaka 1901 gazeti moja la Athens, jina lake Akropolis, lilianza kuchapisha Injili ya Mtakatifu Mateo kwa lugha ya kila siku, ilivyofasiriwa na Alexandros Pallis. Wanafunzi wa chuo kikuu wakatoka njiani kwa hasira, wakisema Neno la Mungu limetukanwa kwa kutiwa katika lugha ya sokoni. Mwezi wa Novemba watu 8 walikufa katika ghasia hizo, na serikali ikaanguka. Kwa miaka mingi baadaye shule na ofisi zilishika lugha iliyosafishwa, iliyofanana na ya zamani, hali nyumbani watu walisema nyingine. Mtu asiye na masomo alipopokea karatasi ya serikali ilimpasa kutafuta wa kumsomea, ingawa iliandikwa kwa "lugha yake". Mwaka 1976 tu ndipo lugha ya watu ilipokubaliwa shuleni na serikalini.

Tusiwashangae sana. Hata kwetu wako wanaodharau Kiswahili cha soko la Lubumbashi, eti si cha vitabu. Mimi napenda vitabu, nami nafundisha watoto kuandika sawasawa. Lakini mtu anayesikia kilio cha jirani yake, akaanza kwa kumsahihisha ngeli, huyo hajui lugha ni kitu gani.

Wagiriki wana neno "xenos". Zamani lilikuwa na maana mbili: mtu asiyejulikana, na mtu aliyekaribishwa. Kiswahili chetu kinaziweka maana hizo mbili vilevile katika neno moja, "mgeni". Leo kwao "xenos" ni hasa mtu wa nje, lakini ukarimu wanauita "filoxenia", yaani kumpenda mgeni. Sasa mgeni mwema ni yupi? Hapangi upya viti vya mwenye nyumba. Anakaa alipoonyeshwa, anakula alichopewa, anauliza. Na mtu mzima akijifunza lugha, ndivyo ilivyo hali yake. Alikuwa mwalimu, au karani, au baba wa watu. Sasa muuza samaki anamrudisha katika neno, na mtoto wa miaka 5 anamzidi. Heshima yake ameiacha mlangoni.

Kumwachia mtu nafasi ya kuwa mwalimu wako ni kumtendea haki. Wagiriki wa mijini wamezoea wageni wanaotazama mawe ya kale wasitazame watu. Anayejikongoja kwa maneno yao anawaambia: ninyi mliopo leo mnanihusu.

Mtoto halazimiki kuchagua. Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa Tagaste, katika nchi ya Algeria ya leo, aeleza katika Maungamo yake kwamba Kigiriki alikichukia utotoni kwa sababu ya vitisho na adhabu za walimu, lakini Kilatini alikipata bila fimbo, katikati ya vicheko vya walezi wake. Mtu mzima hana mlezi wala fimbo. Ana hiari yake tu, na hiari huchoka upesi. Kwa hiyo ile nusu saa ya kila siku inaonyesha kama alitaka kweli au alitamani tu.

Mfano mmoja wa bidii ni Heinrich Schliemann, mfanyabiashara Mjerumani aliyekaa St. Petersburg, yule aliyechimba Troya baadaye. Alianza Kigiriki cha leo mwaka 1856, umri wake miaka 34. Alichukua hadithi ya Kifaransa, Paul et Virginie, iliyofasiriwa kwa Kigiriki, akazisoma zote mbili akilinganisha neno kwa neno. Yeye asema majuma 6 yalimtosha. (Bwana huyu alipenda kujisifu, tupunguze kidogo.) Lakini kanuni yake ni nzuri: kusoma kwa sauti kubwa kila siku, kuandika insha, kusahihishwa na mwalimu, na kesho yake kuikariri ile iliyosahihishwa. Zamani, alipojifunza Kirusi mjini Amsterdam, alimlipa mtu maskini aje kila jioni kumsikiliza, ingawa mtu yule hakuelewa hata neno, na kelele zake zikamfanya ahame nyumba mara mbili! Nchi ya Wagiriki yenyewe aliifikia mwaka 1859. Kitabu kilitangulia, safari ikafuata.

Wengine walikwenda njia iliyo kinyume. Wagiriki waliofungua maduka Katanga zamani za Wabelgiji, wengi walijifunza Kiswahili mezani pa duka, kwa chumvi na vitenge, mbele ya mama zetu waliowacheka. Hakuna aliyewauliza kitawafaa nini. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilipotangaza kuchukua biashara za wageni, wengi waliondoka, wakaenda na Kiswahili hicho.

Mwenye Kiswahili anayekwenda kwao ana bahati yake. "Dh" ya dhahabu, "th" ya thelathini, "gh" ya ghali, zote zimo katika Kigiriki (sisi wa Kongo tunaosema "zahabu" itatubidi tufanye kazi kidogo). Majina yao yana jinsia tatu. Kwa mtu aliyekulia katika ngeli hilo si la kuogopesha. Tena Mgiriki wa leo hasemi "nataka kwenda", husema "nataka niende". Ugumu uko katika vitendo: "nitaandika" ya mara moja na "nitakuwa nikiandika" ya kila siku zina maumbo mbalimbali, na kuyashika yote ni kazi ya miezi. Neno la kwanza atakalolihitaji sokoni, Mkristu analijua tayari bila kujua: "efharisto", yaani asante, la ukoo mmoja na Ukaristi.

Limebaki jambo moja linalowasumbua wasafiri. Umetunga sentensi yako vizuri, umeitoa kwa Kigiriki, nao wanakujibu kwa Kiingereza. Je, ushikilie? Naona tutazame aliye mbele yetu. Kijana anayeuza tikiti za meli, na nyuma yako watu ishirini wamesimama juani, amekujibu hivyo ili kuokoa wakati wa wote. Ukiendelea kumlazimisha akufundishe, umemgeuza kitabu chako cha mazoezi. Mwambie "efharisto", ushike tikiti, uondoke. Lakini kijijini, mbele ya nyumba ya kahawa, yuko mzee amekaa tangu asubuhi, hana haraka wala Kiingereza. Huyo umsalimu kwa wingi, kama heshima yao inavyotaka, kisha ukae. Atakuuliza umetoka wapi, una watoto wangapi, na baba yako yu hai.