Usiruke Namba, Mwanangu

Zima hiyo grainda, mwanangu, njoo ukae kivulini. Maneno haya nimeshayasema kwa vijana wengi wa Kwakoa, na bado nikipita vibandani nasikia mashine zinalia vilevile. Nitayasema tena, maana geti ulilomaliza jana linang'aa kama kioo, na linakwenda kupakwa rangi.

Nani alikwambia ulisugue hivyo? Rangi inataka pa kushika. Chuma cheusi kikiwa cha kupaka, ondoa kutu na magamba kwa brashi ya waya, pitisha msasa namba 80, malizia na 120, futa vumbi na mafuta, uishie hapo. Ukikilainisha mno, rangi itakaa juujuu na kuanza kubambuka. Mng'ao ni wa kitu kitakachobaki wazi: kishikio cha ngazi cha stenlesi, beseni, kitasa cha shaba.

Na huko kwenye mng'ao ndiko haraka inakowaponza. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Chembe ya msasa namba 80 ina upana wa takriban moja ya tano ya milimita. Ya 400 ni ndogo kuliko hiyo zaidi ya mara tano. Kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo iliyoachwa na namba ya kabla yake, basi. Ukitoka 80 ukadandia 400, mifereji ile mirefu hutaifikia, utakwangua kingo zake tu, nayo itajitokeza yote siku mteja anapokuja kuchukua mali yake. Pita 80, 120, 180, 240, ndipo 400. Kila ukibadilisha msasa, badilisha na mwelekeo: wa kwanza ukiupitisha kwa urefu, unaofuata upitishe kwa upana. Mistari ya zamani utaiona kwa macho yako ikiisha. Ukibaki mmoja, endelea kusugua.

Kisha gurudumu. Mkonge unaouona Kisangara kila ukienda Mwanga, ule ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, nyuzi zake hutengenezwa magurudumu ya kung'arishia chuma duniani kote. Gurudumu la mkonge ni kali, linatangulia; la kitambaa cha pamba linamalizia. Sabuni ya kupolishia nayo ina wenyewe: ya kijani, yenye oksidi ya kromiamu, ni ya stenlesi, ya kahawia ni ya shaba na alumini, nyekundu ni ya dhahabu na fedha, na wekundu wake ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu unayoihangaikia kutwa. Kila sabuni na gurudumu lake. Ukizichanganya, chembe kali zitachora kazi uliyokwisha kuimaliza.

Diski iliyogusa chuma cheusi usiipeleke kwenye stenlesi, itaacha punje za chuma na baada ya wiki chache mteja ataona madoa ya kutu. Alumini usiitie kwenye jiwe la kusagia chuma. Inaziba jiwe, jiwe linapata moto, linaweza kupasuka. Na kile kikinga ulichokifungua ili diski ya inchi 7 iingie kwenye grainda ndogo, kirudishe leo. Diski hiyo kwa kawaida haitakiwi kuzidi mizunguko 8,500 kwa dakika, na mashine yako inakwenda 11,000.

Babu zetu wa Ugweno, ukoo wa Washana, walifua majembe na mikuki iliyouzwa hadi Uchagani, bila umeme. Hawakuwa na haraka yenu.

La mwisho, nimechoka. Mchanga mkavu wa mtoni msiupulize kwa kompresa kuondoa kutu. Vumbi lake ni silika, linaganda mapafuni na halitoki, na dawa ya kuliondoa hakuna. Waulizeni vijana waliorudi kutoka machimboni Mirerani wakikohoa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wako akupe vifaa vya kujikinga. Mdai barakoa ya vumbi; kitambaa hicho ulichojifunga puani hakizuii kitu.

Kesho kabla hujawasha mashine, nenda dukani ukanunue msasa namba 120, 180 na 240. Nimechungulia kisanduku chako, hazimo.