Mkono wa Idi ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, baada ya Idi iliyopita, katika darsa letu baina ya magharibi na isha, tulikuwa tukisomesha mlango wa amana. Tulipokwisha kueleza kuwa mwenye kuwekewa kitu hana ruhusa ya kukitumia ila kwa idhini ya mwenyewe, kijana mdogo ambaye hajapata miaka minane, na ambaye huja darsani pamoja na babake, aliinua mkono akauliza: "Maalim, na mkono wangu wa Idi alioniwekea mama, nao ni amana?"

Watu walicheka, na babake akainama. Sisi hatukucheka, kwani tulikumbuka jambo letu wenyewe. Binti yetu alipokuwa na miaka sita tulimchukulia fedha alizopewa na shangazi zake siku ya Idi, tukamwambia, "Lete tukuwekee." Siku ya tatu tukaenda nazo sokoni tukanunulia samaki wa nyumba nzima. Hakuuliza tena, nasi tukadhani amesahau. Tulimjibu yule kijana kwamba naam, ni amana. Na usiku ule ule tulipofika nyumbani tulimwita binti yetu, ambaye sasa ni mtu mzima, tukamwambia kuwa twataka kumlipa fedha zake za Idi lakini hatukumbuki zilikuwa ngapi. Alijibu pale pale bila ya kufikiri: "Shilingi 340, baba." Basi tukajua kuwa mtoto hasahau. Huacha kuuliza kwa kuwa ameacha kutaraji.

Kwa hivyo twataka leo, inshaallah, kusema mambo mawili: kwanza, hukumu ya zawadi anazopewa mtoto, na pili, namna ya kumfunza mtoto adabu ya mali kwa hizo zawadi na kwa michezo yake, kabla hajapata umri wa kuharibu.

Ama hukumu, ni wazi. Mtoto akipewa kitu na mtu kwa niya ya kuwa ni chake, kitu hicho ni milki yake, na walii wake humpokelea na kumhifadhia tu. Ndiyo maana katika madhehebu yetu ya Shafii mali ya mtoto ikifika kiwango hutolewa zaka, na mtoto akifa mali yake hurithiwa. Wako watu watakaotuletea ile hadithi isemayo kuwa mtu na mali yake ni vya babake. Twawajibu: lau maana yake ingekuwa ni milki, basi mtoto akifa mali yake yote ingekuwa ya baba, wala mama asingekuwa na fungu. Na Qur'ani imempa mama fungu lake. Basi maana yake ni wema na utiifu, na kuwa baba aliye mhitaji ana haki ya kutazamwa na mwanawe. Si ruhusa ya kila baba kutia mkono katika kibubu cha mtoto.

Ikiwa mzazi ametumia fedha hizo katika maslaha ya mtoto mwenyewe, kama nguo yake au dawa yake au chuo chake, hapana ubaya, lakini amwambie. Ama kuzitia katika deni la dukani, au katika sare ya harusi, kisha kumwambia mtoto "ziko," hayo ni makosa mawili kwa pamoja: kula amana na kusema uwongo. Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Amir kwamba alipokuwa mtoto mamake alimwita akimwambia aje ampe kitu, na Mtume s.a.w. yuko nyumbani kwao. Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kuwa lau asingempa kitu angeandikiwa uwongo. Ikiwa tende moja ina hisabu hii, itakuwaje kwa mkono wa Idi wa miaka kumi?

Tena katika zawadi yataka uadilifu. Bashir, babake Nuuman, alimpa Nuuman zawadi, na mamake Nuuman, Amra binti Rawaha, akakataa kuridhika mpaka Mtume s.a.w. ashuhudie. Mtume akauliza kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Aliposema la, Mtume hakukubali kuishuhudia, akamwamrisha amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Na Bashir akairudisha zawadi ile. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mtoto anayeona nduguye akipewa noti na yeye akipewa sarafu hujifunza husuda kabla ya kujifunza hisabu.

Ama jambo la pili, asili yake ni aya ya 6 ya Sura ya An-Nisaa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwajaribu mayatima mpaka wafike umri wa kuoa, kisha tukiona kwao uwongofu wa kuendesha mali ndipo tuwakabidhi mali yao. Tazameni ndugu zetu: baleghe peke yake haikutosha. Na jaribio huja kabla ya kukabidhiwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho wanavyuoni wa pwani yetu wamekisomesha tangu zamani, kuwa wakati wa jaribio hilo ni kabla ya baleghe. Mtoto wa mfanyi biashara hujaribiwa kwa kuuza na kununua na kupatana bei. Mtoto wa mkulima kwa mambo ya shamba. Na mtoto wa kike kwa mambo ya nyumbani kama yalivyokuwa katika zama zile. Wala mara moja haitoshi, lazima ikaririwe. Na kwa kuwa mauzo ya mtoto hayasihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu, mtoto huachiwa apatane, na ikifika kufunga bei hufunga walii wake.

Hebu tulinganishe na hali yetu. Sisi twamzuia mtoto asiguse shilingi mpaka ana miaka ishirini, kisha babake hufa, na siku arubaini hazijapita amekabidhiwa fungu la nyumba ya mawe na fungu la shamba la minazi. Hajapata kununua hata kilo ya mchele kwa akili yake mwenyewe. Nyumba ngapi katika miji yetu zimeuzwa na warithi kwa thamani ya pikipiki na vazi? Twawalaumu wanunuzi, na twawalaumu vijana, na waliostahiki lawama ya kwanza ni sisi ambao hatukuwajaribu wangali wadogo, wakati kosa lao lilikuwa ni la shilingi kumi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Aly Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alikuwa akiwaamsha Waislamu wa pwani kutoka katika usingizi wao. Usingizi huu wa mali ni katika huo huo.

Na michezo ni chuo kikubwa cha mtoto. Wako wanaodhani kuwa kumfunza dini ni kumkataza kucheza. Sivyo. Rubayyi binti Muawwidh amesimulia kuwa watoto walipofungishwa saumu ya Ashura walifanyiwa vitu vya kuchezea kwa sufi, na mtoto akilia kwa njaa hupewa akaliwazika mpaka wakati wa kufuturu. Basi masahaba walitumia mchezo kumzoeza mtoto ibada. Nasi tutautumia kumzoeza amana. Na Abu Yaala amepokea kuwa Mtume s.a.w. alimpitia Abdullah bin Jaafar naye ni kijana akiuza pamoja na watoto, akamwombea baraka katika biashara yake. Hakumwambia, "Ondoka, huu ni upuuzi."

Watazameni watoto wenu wanapocheza duka kiwanjani. Kifuu ndicho kipimo, mchanga ndio sukari, na majani ya mti ndiyo noti. Baba akipita na aketi nao dakika tano, awe ni mnunuzi. Apatane bei. Akipunjwa kipimo aseme, "Jaza kifuu, ndugu yangu," kisha awaeleze kuwa iko sura nzima katika Qur'ani, Sura ya Al-Mutaffifin, iliyoanza kwa kuwatisha wapunjao vipimo. Akirudishiwa chenji zaidi, airudishe. Mtoto aliyefunzwa haya kwa mchanga hatayasahau atakapoketi nyuma ya mizani ya kweli.

Na haja ya mafunzo haya leo ni kubwa kuliko zamani. Zamani mtoto alimwona mamake akifungua fundo la leso, akihesabu sarafu, na zikiisha ameona kuwa zimekwisha. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, mtoto humwona mzazi akibonyeza simu tu, na mkate huja. Hajui kuwa ndani ya simu mna kikomo. Kwa hivyo mtumeni dukani na sarafu mkononi, arudi na chenji, na aihesabu mbele yenu.

Lakini si kila mchezo ni wa kheri. Iko michezo ya watoto wetu ambayo mshindi hula: gololi za kulana, na korosho za kulana. Wazee husema, "Waacheni, ni watoto." Imepokewa kwa Mujahid na Ibn Sirin na wengineo katika wema waliotangulia kuwa kila kitu chenye kamari ni maysir, hata watoto wanapochezeana kokwa. Pengine mtu alidhani ni ukali. Leo twaona maana yake: yule aliyezoea kula gololi za mwenziwe ndiye leo aliye na simu usiku, akiweka karo ya chuo juu ya mechi ya mpira asiyoiona. Mlango ni mmoja, ulipanuka tu. Waambieni wacheze gololi, na mchezo ukisha kila mtu achukue zake.

Sasa njia ya kufuata nyumbani. Katika Sahihi Muslim imo khabari ya mtu aliyesikia sauti katika wingu ikiamrisha bustani ya fulani inyweshwe, akalifuata wingu, akamuuliza mwenye bustani hufanya nini. Akajibu kuwa mazao yake huyagawa mafungu matatu: thuluthi hutoa sadaka, thuluthi hula yeye na watu wake, na thuluthi huirudisha shambani. Basi wekeni mikebe mitatu: wa sadaka, wa matumizi, na wa akiba.

Ila hapa kuna jambo la kufahamu. Mtoto hana ruhusa ya kutoa mali yake bure, wala walii hana ruhusa ya kumtolea. Kwa hivyo mkebe wa sadaka na ujazwe na baba kwa mali yake mwenyewe, na mtoto awe ndiye mkono wa kupeleka kwa maskini. Atazoea kutoa wala hatadhulumiwa. Mkebe wa matumizi nao ni mali ya baba, kidogo kidogo kila Ijumaa, naye humruhusu mtoto achague cha kununua. Akinunua kibaya kikavunjika siku hiyo hiyo, asipigwe, wala asilipwe badali. Hilo ndilo jaribio. Na mkono wa Idi aliopewa na watu uingie katika mkebe wa akiba, uandikwe katika daftari, tarehe na kiasi, na mtoto aonyeshwe. Na siku akihitaji kitu chenye manufaa, baba na afungue mkebe pamoja naye, wahesabu pamoja, na baba afunge bei.

Tusimfunze ubakhili pia. Mwenyezi Mungu amewasifu katika Sura ya Al-Furqan wale ambao wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi choyo, bali huwa baina ya hayo. Mtoto anayekesha juu ya mkebe wake hata asimpe mwenziwe tone la sharbati, naye pia amepotea njia.

Na kubwa kuliko yote ni mfano wetu. Hasan bin Aly, naye ni mtoto, alitia kinywani tende ya sadaka, na Mtume s.a.w. akamtoa tende ile, akamfahamisha kuwa wao hawali sadaka. Tende moja, na mtoto mdogo, na mjukuu mpenzi, hata hivyo hakusema, "Muacheni, ni mtoto." Kisicho chetu si chetu. Sasa sisi tutamwambiaje mwanetu asiguse cha mtu, na cha kwake tumekila?

Basi nduguzetu, kabla ya Idi ijayo kila mmoja wetu na ahesabu anayodaiwa na watoto wake, alipe au ataka radhi wakishafika umri wa kusamehe. Mtoto mdogo msamaha wake haufai, kwa hivyo hapo hapana njia ila kulipa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana zetu, awafanye watoto wetu kuwa ni wenye kuchuma halali na kuitoa katika kheri, na asituulize siku ya Kiyama juu ya shilingi ya mtoto tusiyoweza kuilipa. Amin.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.