Sifa ya Jemadari na Mzigo wa Mpagazi

Waandikao habari za vita hupenda kumsifu Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, kwamba hakushindwa. Nasi werevu wake hatuukatai. Novemba 1914, huko Tanga, aliwarudisha baharini askari wapatao 8,000 waliotoka Bara Hindi, hali watu wake walikuwa kama 1,000 tu. Alipoweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, vita vya Ulaya vilikuwa vimekoma majuma mawili nyuma. Shauri lake lilikuwa moja: hakutumaini kuishinda Uingereza, bali alitaka kuyashughulisha majeshi yake huku, yasipelekwe Ufaransa.

Lakini twauliza, shauri hilo lilichukuliwa juu ya kichwa cha nani?

Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, na njia za reli zilikuwa chache. Basi risasi, dawa na unga vilimwangukia mtu. Msomaji na ahesabu pamoja nasi, kama tuwafanyizavyo watoto ubaoni. Tuseme mzigo wa unga ni ratli 60, na posho ya mpagazi ni ratli 2 kwa siku. Akienda siku 15 na kurudi siku 15, ameula mzigo wake wote, na askari aliye mbele hakupata hata kibaba. Ndiyo sababu kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, wapagazi walizidi kutakiwa, na posho ikazidi kupungua. Hesabu hii haina chuki na mtu, lakini yaua.

Waingereza na wenzao walitumia wapagazi wapatao milioni moja. Wanahistoria wanataja zaidi ya 90,000 waliokufa, walio wengi si kwa risasi, bali kwa kuhara, homa na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu kamili haipo, maana wengi walikamatwa vijijini njiani, wala hawakuandikwa daftarini.

Wako watakaosema: kila nchi ina haki ya kujilinda, na vita havina huruma. Neno hilo twalikubali nusu yake. Usalama uliolindwa hapa ulikuwa wa nani? Mgogo hakuwa na ugomvi na mtu wa Paris. Hata hivyo majeshi yote mawili yalichukua nafaka yake, ng'ombe wake na vijana wake, ikafuata ile njaa ya 1917 hata 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Shauri likifaulu kwa kuwa gharama yake imetupwa juu ya watu wasioulizwa, sisi hatuoni kwamba kuliita werevu kwatosha. Jemadari asiyemhesabu mpagazi hakuhesabu vema, ajapokuwa ameshinda. Na neno hili twawaambia Waingereza sawasawa na Wajerumani.

Katika Dar es Salaam, tangu 1927, pamesimama sanamu ya shaba ya askari mmoja, bunduki mkononi. Sanamu hiyo si ya mpagazi. Lakini ukitembea kidogo utafika sokoni Kariakoo, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi, na jina lake limetoka katika jina la Kiingereza la kikosi chao. Wanunuao ndizi hulitaja kila siku, na walio wengi hawajui wamtaja nani.