Je, Mkristu Aweza Kusoma Hadithi za Upelelezi?



Jumapili moja baada ya mafundisho, mama mmoja wa parokia yetu ya Mongbwalu alitujia ameshika kitabu kwa vidole viwili, kama mtu ashikaye nyoka kwa mkia. Alikuwa amekikuta chini ya mto wa kijana wake, naye kijana huyo yu katika darasa la kipaimara. Kitabu kilikuwa kimechakaa, kurasa za mwanzo zimetoka, na juu ya jalada palichorwa mtu amelala chini katika damu. Mama akasema: "Mwalimu, mtoto wangu asoma habari za wauaji. Je, si dhambi? Nikichome moto?"

Twakiri kwamba hatukumjibu upesi. Kwanza, kwa sababu swali lake ni kubwa. Pili, kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tumekisoma kitabu kile kile, usiku, kwa mwanga wa tochi, mpaka ukurasa wa mwisho. Basi twajaribu kumjibu hapa, yeye na wazazi wengine wenye shaka kama yake.

Tuanze na lililo jepesi. Je, kusoma kwa kujifurahisha ni kupoteza wakati? Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, na pumziko lake ni mchezo na furaha ya kiasi. Naye akumbusha habari ya zamani ya Mtakatifu Yohane Mwinjili, aliyewaonyesha watu ya kuwa upinde ukivutwa daima bila kulegezwa, mwisho wake utavunjika. Basi mchimbaji aliyeshinda shimoni tangu asubuhi, au mama aliyeshinda sokoni, akifungua hadithi jioni, hatendi kosa. Zamani Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mwaka 1966 orodha ile iliondolewa nguvu ya sheria. Lakini dhamiri haikuondolewa. Kila msomaji apaswa kujiuliza mwenyewe: kitabu hiki chanifanya kuwa mtu wa namna gani?

Hapo ndipo penye ugumu. Mtu aweza kutuambia: "Ninyi mwakaa Ituri. Mmeona nyumba zikiteketea na watu wakizikwa bila jeneza. Mwawezaje kufanya mauaji kuwa mchezo wa kukisia?" Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Yuko msomaji ambaye damu ya vitabuni humzoeza damu, hata asishtuke tena. Kwake yeye kitabu cha namna hiyo ni sumu, akiache. Lakini hadithi nzuri ya upelelezi haihusu damu. Maiti huonekana katika kurasa za kwanza, na kurasa mia mbili zinazofuata zahusu jambo jingine: kuitafuta kweli kwa subira, katikati ya watu wanaosema uongo na watu wanaodhani wanajua.

Tena kazi hii si ngeni katika Maandiko Matakatifu. Fungueni kitabu cha Nabii Danieli, sura ya 13. Wazee wawili, waamuzi wenye heshima, wamshitaki Suzana kwamba walimwona akizini bustanini. Watu wote wawaamini, maana wazee ni wazee, na mwanamke yuko karibu kuuawa. Ndipo kijana Danieli ainuka. Awatenga wale wawili, amwuliza kila mmoja peke yake: ulimwona chini ya mti gani? Mmoja ataja mti huu, mwenzake ataja mti mwingine, na uongo wafunuliwa papo hapo. Endeleeni sura ya 14. Makuhani wa sanamu Beli wadai kwamba mungu wao hula unga, kondoo na divai kila usiku. Danieli anyunyiza majivu sakafuni kabla mlango haujafungwa kwa muhuri. Asubuhi amwonyesha mfalme nyayo za wanaume, wanawake na watoto, zilizopitia mlango wa siri chini ya meza. Majivu, nyayo, mlango wa siri, mashahidi kutengwa! Mpelelezi gani wa siku hizi hajakwenda shule kwa Danieli?

Sasa tutazame jinsi waandishi wa Kiswahili walivyoifanya kazi hiyo. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la kuandika hadithi la 1957–58 kwa kitabu chake "Mzimu wa Watu wa Kale", kilichochapishwa 1960. Mtu ameuawa mahali pa mzimu, mahali ambapo watu huogopa hata kupita. Wengi wangetosheka kusema mizimu imekasirika. Bwana Msa, mwenye kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, hawatosheki. Wanauliza: nani alikuwa wapi, nani ana faida, nani ana chuki? Uingereza nako alikuwako padri Mkatoliki, Ronald Knox, mtu aliyeifasiri Biblia nzima kwa Kiingereza, naye akaandika pia hadithi za upelelezi. Mwaka 1929 alitoa kanuni kumi za hadithi hizo, na mojawapo yakataza kabisa kuleta mizimu au nguvu za ajabu ili kueleza kosa. Je, padri huyo hakusadiki mambo ya roho? Alisadiki sana. Ila alijua kwamba dhambi ya mtu yapaswa kutafutwa kwa mtu, na kwamba ni dhambi nyingine kumsingizia pepo, au jirani, kazi ya mkono wa mwuaji.

Ndugu, tusijidanganye, jambo hili latuhusu. Shimo la dhahabu likiporomoka na kuwafunika vijana, mara ngapi tumesikia watu wakiuliza kwanza: nani amewaloga? Mpelelezi angeuliza: magogo ya kutegemeza udongo yalikuwa mazima? Mvua ilinyesha siku ngapi? Nani aliamuru watu washuke siku ile, na kwa faida ya nani? Maswali haya hayana ladha kama habari za ulozi, lakini yaweza kuokoa vijana wengine kesho. Maswali ya ulozi hayaokoi mtu, bali huongeza maiti. Mwezi wa Juni 2001, katika eneo la Aru, katika Ituri yetu hii, mamia ya watu waliuawa kwa kushukiwa kuwa walozi. Hapakuwa na Danieli wa kuwatenga mashahidi.

Wengine hutetea uvumi kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ni nzuri kwa habari za mvua. Kwa habari za jina la mtu ni hatari. Mtakatifu Thomas afundisha kwamba kumhukumu mwenzako kwa kumshuku tu ni dhambi, na palipo na shaka twapaswa kulielekeza jambo upande ulio mwema.

Sisi tunaowafundisha wengine haya tuliyavunja wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika kigango kimoja, fedha za sadaka zilikosekana katika sakristia. Mtumishi mmoja wa altare alikuwa ndiye wa mwisho kutoka, naye wiki ile alikuwa amevaa viatu vipya. Hatukuhitaji zaidi. Tulimwuliza mbele ya wenzake, kwa sauti kubwa, huku tukipiga meza. Alilia, tukasema machozi yake ni ushahidi. Siku ya tatu mzee mmoja wa baraza akarudi kutoka safari ya Bunia na fedha zote mkononi. Alikuwa amezihifadhi kwa sababu kufuli ilikuwa imeharibika, tena alikuwa ametuandikia karatasi akaitia ndani ya daftari la ubatizo. Daftari lilikuwa juu ya meza ile ile tuliyoipiga. Hatukulifungua. Viatu vililetwa na mjomba wake. Tulimwomba kijana msamaha mbele ya wale wale waliomsikia akishitakiwa. Alitusamehe, lakini altareni hakurudi tena.

Tangu siku ile twasoma hadithi za upelelezi kwa macho mengine. Karibu kila moja yatuwekea mbele mtu mwenye viatu vipya, yaani mtu ambaye kila kitu chamwelekea, nasi twamhukumu katika sura ya tatu. Katika sura ya mwisho twaona aibu. Ni afadhali kuona aibu kitabuni, ambapo hapana mtoto anayelia.

Liko somo la mwisho, nalo ndilo kubwa kwetu wa Mongbwalu. Hadithi ya upelelezi yauliza: nani? Yataka jina la mtu mmoja. Haikubali jibu la "wale". Mwezi wa Novemba 2002, wakati wa vita, Abbé Boniface Bwanalonga, padri mzee aliyetumika hapa kwetu, aliuawa. Sisi tulikuwa wadogo siku zile. Katika miaka ile ilikuwa rahisi sana kusema kabila fulani limeua, kisha kabila lingine likalipa kisasi kwa watu ambao hawakuwapo. Kesi ilianza kusikilizwa La Haye mwaka 2015. Tarehe 8 Julai 2019, baada ya mashahidi wengi kuhojiwa na pande zote mbili, mahakimu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walimwona Bosco Ntaganda kuwa na hatia katika mashitaka 18, na wakasema kwamba padri yule aliuawa kwa mkono wa Ntaganda mwenyewe. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alihukumiwa kifungo cha miaka 30, na 2021 rufaa yake ilikataliwa. Karibu miaka 17 ilipita tangu damu ile imwagike. Ni mingi mno. Lakini tazameni: mahali pa mshitakiwa hapakuandikwa jina la kabila. Paliandikwa jina la mtu.

Mungu alipomwuliza Kaini habari za nduguye, alimwuliza Kaini. Hakuwauliza wakulima wote.

Je, hadithi hizi hazina upungufu? Zinao. Kitabu hufungwa pale mwuaji akamatwapo, kana kwamba yote yamekwisha. Sisi twajua kwamba hapo ndipo yanapoanza mengine: mjane abaki, yatima abaki, na mfungwa naye abaki na roho yake. Kwa ajili hiyo twawapenda zaidi waandishi wasiosahau roho ya mwenye kosa. Mwingereza G. K. Chesterton, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922, alimtunga Padri Brown, na kitabu cha kwanza cha habari zake kilitoka 1911. Padri huyu mfupi hugundua makosa kwa sababu ameketi miaka mingi akisikiliza maungamo, na kwa sababu hujitazama kwanza yeye mwenyewe, akajiuliza: mimi ningewezaje kutenda dhambi hii? Mwizi Flambeau, aliyemfuatia ili kumwibia, mwisho hutubu na kuwa rafiki yake. Hapo kukamatwa si mwisho wa hadithi ya mtu.

Basi kwa wanaotaka kusoma, twashauri hivi. Kwa Kiswahili anzeni na Bwana Msa: "Mzimu wa Watu wa Kale", kisha "Kisima cha Giningi" cha mwaka 1968. Kiswahili chake ni kitamu, na wabishi mtajifunza kubishana kwa adabu. Yuko pia Faraji Katalambulla na "Simu ya Kifo" ya 1965. Wasomao Kifaransa wamtafute Padri Brown katika tafsiri, na Kamishna Maigret wa Georges Simenon, Mbelgiji aliyepita Kongo mwaka 1932. Maigret hupenda kumwelewa mtu kabla ya kumfunga. Vitabu vya Elvis Musiba na vya Ben Mtobwa vina mbio nyingi na bastola nyingi, na mambo ya ulevi na wanawake pia. Mtu mzima aweza kuvisoma na kupima, lakini si vya kumpa mtoto wa komunyo ya kwanza.

Tena someni kwa kazi. Mkifika kabla ya sura ya mwisho, fungeni kitabu. Andikeni katika karatasi jina la yule mnayemshuku, na sababu zenu. Kisha malizeni. Mkiwa mmekosea, iwekeni karatasi ile ndani ya kitabu cha sala, na siku mtakaposikia uvumi juu ya jirani, itazameni kabla ya kufungua kinywa.

Yule mama hatukumruhusu akichome kitabu. Tulimwambia akisome yeye kwanza, kisha aamue kama kijana wake arudishiwe. Baada ya majuma mawili alitusimamisha njiani akitoka sokoni, beseni la mihogo kichwani. "Mwalimu," akasema, "mimi nilimshitaki yule mtumishi wa nyumba tangu mwanzo mpaka mwisho. Kumbe maskini hakutenda neno."

Kisha akasimama kidogo, akanyamaza, akasema yuko mtu mmoja mtaani kwao ambaye yampasa kwenda kumwomba radhi.